Majembe ya Matembezi

Nimefanya kazi ya lishe mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na siku ya kuniaga halmashauri ilinipa ndoo ya mafuta ya kupikia. Ndoo kubwa ya njano, imefungwa utepe mwekundu. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mama yetu akapike, akanenepe, ameteseka sana na sisi!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa sababu ukishapewa zawadi mbele ya watu huna namna. Lakini ndani nilikuwa nawaka, na nimerudi nyumbani Kihesa nikiwa na vyote viwili, ndoo na hasira.

Ninyi vijana wa idara mliniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo wanaoanza kazi. Maneno hayo sina. Nina mambo machache ya kazi ambayo yatawafaa, na nina jambo moja lililonikaa kooni. Nimesikia pia kwamba mmeunda kamati ya kuchunguza nani aling'oa bango la halmashauri pale barabara kuu. Nalo nitalifikia. Vyeo na mishahara sitavigusa, vilichelewa vyote, na mnajua wenyewe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Makongolosi, kule Chunya kwa wachimba dhahabu. Nilishuka kwenye gari na viatu vya kisigino na cheti ndani ya bahasha, nikapokelewa na vumbi. Ndipo nikaanza kuona watoto wenye nywele za rangi ya kutu. Baba yuko shimoni, mama anaponda mawe juani, mtoto ameachiwa uji mwepesi kiasi kwamba unaona chini ya kikombe. Nilikuwa nimesoma yote hayo darasani na nikadhani nayajua.

Aliyenipokea ni Nesi Tusajigwe, Mnyakyusa mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amezeeka pale kliniki. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alichukua dumu la maji la lita tano akalitundika kwenye mizani ya kuning'iniza watoto, akasubiri mshale utulie.

"Lita moja ya maji ni kilo moja," alisema. "Toa na uzito wa dumu lenyewe. Mshale ukisema vingine, mizani inadanganya, na wewe utashinda siku nzima unadanganya watu."

Tangu siku hiyo sijawahi kuanza kazi bila dumu. Mizani za kisasa zenye namba za kuwaka nazo nilizipima kwa dumu, na msingeamini ni ngapi zilikuwa zinadanganya zikiwa bado na karatasi ya dukani.

Somo lake la pili alinipa siku ile ile, kabla hata sijamshika mtoto. "Kwenye chumba hiki hakuna kutangaza. Unaandika, unamwonesha mama yake, basi. Uzito wa mtu ni kama nguo yake ya ndani." Nilicheka. Yeye hakucheka. Naomba msomapo haya mengine, hilo la nguo ya ndani mlikumbuke.

Baadaye nilihamishwa mara kadhaa, kama wote. Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi kwenye mji mdogo wa barabara kuu, ninyi mnaujua na wengine hawana haja ya kuujua, sitaki kesi uzeeni. Pale mambo yalikuwa yamegeuka. Watoto waliokonda walikuwapo bado, lakini benchi la kituo cha afya lilijaa wanawake wazito. Wengi ni wafanyabiashara wa mchele. Wanauleta kutoka Chimala, wanakaa nao kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka giza, wanakula walichokaa nacho, na chai ya maziwa yenye sukari inapita kila saa. Walikuja na presha, sukari na magoti yasiyopanda ngazi. Mtaani waliniita mama lishe, kama vile nauza wali, na nilizoea.

Ndipo ukaja waraka kutoka juu kwamba kila halmashauri iwe na huduma ya kupunguza uzito kwa wananchi. Niliufurahia, nisiwadanganye. Nilikuwa nimeomba kitu cha namna ile muda mrefu. Nikaenda kwa bosi wetu wa idara, mtu ambaye mwenyewe alikuwa akilegeza mkanda kila akikaa kwenye kikao, nikamwambia nahitaji mizani mbili, ubao, chumba na siku moja ya wiki. Akanipa Alhamisi mchana. Chumba akanipa kile cha kliniki ya dawa za kufubaza virusi, wanachokitumia asubuhi. Mlango ule ule, benchi lile lile, na wagonjwa wa asubuhi hawajamaliza kuondoka.

Mliozaliwa siku hizi labda hamwelewi, kwa hiyo nitawaeleza. Huku kwetu, Mbeya na Iringa yote, tulizika watu wengi sana waliokonda. Kila ukoo una makaburi yake. Ndiyo maana mpaka leo mwanamke mnene anaitwa anayetunzwa, na mwanamke akianza kupungua, mtaa unanong'ona kwamba amekanyaga waya, yaani ana ukimwi. Sasa wewe unachukua wanawake, unawapitisha kwenye mlango wa dawa hizo kila Alhamisi, halafu unawatoa wamepungua. Unategemea mtaa useme nini?

Nilimwambia bosi hivyo hivyo. Nikamwambia ukumbi wa madiwani unakaa umefungwa wiki nenda wiki rudi mpaka wakikutana wao, una mapazia, una choo, na uko upande wa pili wa kiwanja.

"Viti vitachafuka," alisema.

"Watu wenyewe watavifuta."

"Mama, chumba ni chumba."

Nilirudi mara tatu na jibu lilikuwa hilo hilo. Chumba ni chumba. Ninalichukia neno hilo mpaka leo. Na msinielewe vibaya, wale wa kliniki ya dawa hawakuwa na kosa lolote. Alikuwapo mzee mmoja wa dawa, kila Alhamisi alisogea kuwapisha wanawake wangu akisema, "Kaeni tu wamama, benchi haiambukizi." Alicheka peke yake.

Katika wanawake wale alikuwapo Mama Gwamaka. Mrefu, mweusi wa kung'aa, anacheka kabla hujamaliza kusema. Mume wake, Baba Gwamaka, ni dereva wa lori la mchele. Yeye hakuja kwangu kwa magoti. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi uliokuwa ukimtoa damu mwezi mzima, unakata siku chache, unaanza tena. Daktari wa upasuaji mjini Mbeya alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kwa uzito ule na presha ile hawezi kumlaza mezani, anaweza asiamke. Apungue, presha ishuke, arudi. Kwa hiyo kwake kupungua halikuwa suala la gauni kumkaa vizuri. Alikuwa anashindana na damu.

Siku ya kwanza mimi nilikuwa mjini kwenye semina. Mhudumu aliyekuwapo alimpandisha kwenye mizani na mshale ukapita namba ya mwisho ukagonga. Akamwambia aende mashine ya kukoboa mpunga, wana mizani ya magunia. Naye akaenda, maskini, kwa sababu ameambiwa na mtu wa serikali. Wabeba mizigo wakampandisha kati ya viroba, na mmoja akapaza sauti kama anavyofanya kwa mzigo wowote, "Andika! Gunia moja na debe mbili!" Mashine nzima ikacheka.

Alinisimulia Alhamisi iliyofuata, akiwa amejifunga kitenge mpaka kifuani. "Dada, na mimi nilicheka," alisema. "Ningefanyaje?"

Nililia kwa hasira pale pale mbele yake, jambo ambalo si la kitaalamu. Halafu nikafanya kazi. Hili liandikeni. Mizani ikiwa fupi kwa mtu, chukua mbili zinazofanana, ziweke sambamba sakafuni, laza ubao juu yake, mtu asimame katikati. Jumlisha namba mbili, toa uzito wa ubao. Kabla yake weka madumu manne ya maji juu ya ubao uone kama hesabu inakubali. Ndivyo tulivyompima. Niliandika kwenye kadi, nikamwonesha yeye peke yake. Aliitazama muda mrefu, akaikunja akaiweka ndani ya sidiria.

"Ndaga fijo, dada," alisema. Ni asante sana kwa Kinyakyusa.

Chakula hakikunisumbua. Sikumwambia mtu ale majani ya kwenye magazeti. Tulichukua sahani zao wenyewe, tukaanza kwa kuweka mboga nusu, ndipo wali upate nafasi iliyobaki. Chai ikabaki na maziwa, sukari ikatoka kidogo kidogo. Soda ikabaki ya harusi. Kazi ilikuwa kutembea.

"Kutembea tu?" Mama Gwamaka aliniuliza. "Kwenda wapi?"

"Usiende popote. Zunguka mpaka kwenye daraja, rudi."

"Mwe! Watu wakiniuliza?"

"Sema unafanya mazoezi."

Wote wakaangua kicheko. Mwanamke mzima, mke wa mtu, anatembea barabarani asubuhi hana mzigo, haendi sokoni, haendi kanisani? Watasema ana mwanaume wake huko darajani. Nami ni Mhehe wa Kihesa, nilijua wanasema kweli. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kutoka nje ya ua bila kushika kitu mkononi.

Alhamisi iliyofuata Mama Gwamaka alikuja na jembe jipya begani, mpini bado una karatasi ya bei. Alikuwa amekwenda nalo mpaka darajani na kurudi, siku zote za wiki.

"Wamenisalimia tu," alisema. "Wananiambia pole na kazi. Mtu ana jembe, nani atamuuliza anakwenda wapi?"

Basi wote wakatafuta majembe. Kila asubuhi ungewaona wanapita kwa mstari, vitenge vimefungwa vizuri, majembe begani, wakienda kwenye shamba ambalo halikuwapo. Walifika darajani, wakapumzika, wakageuka. Ndiyo huduma bora kuliko zote nilizowahi kuona katika kazi yangu, na haikutoka kwenye waraka wowote. Magoti yakaanza kunyooka. Presha zikashuka. Mama Gwamaka alipungua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote. Kitenge kilichokuwa kinamfikia kwa shida kikaanza kumzunguka na kubaki. Akaenda Mbeya, na daktari wa upasuaji akamwambia, "Endelea hivi hivi. Kidogo tena na nakupangia siku." Alirudi akanikumbatia mbele ya benchi zima, na yule mzee wa dawa akapiga makofi.

Mngeiacha hapo, leo ningeandika maneno ya kuwatia moyo.

Bosi akasikia kuna mafanikio. Alikuwa anategemea wageni wa kukagua huduma, kwa hiyo akaandaa bonanza. Fulana, spika kubwa, jukwaa, soda kreti kwa kreti kwenye bonanza la kupunguza uzito. Akaniambia nimlete Mama Gwamaka atoe ushuhuda. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe, na akaniuliza swali moja tu.

"Watanitaja kilo kama kule mashineni?"

Nikarudi kwa bosi. Nikamwambia atasema anachotaka kusema, lakini uzito wake hautajwi. Bosi akasema sawa mama, hautajwi, nina akili zangu. Aliyasema hayo akinitazama machoni.

Siku ya bonanza Mama Gwamaka alipanda jukwaani na gauni jipya. Kabla hajafungua mdomo, mshereheshaji akachomoa karatasi aliyopewa na bosi, akasoma kilo alizokuwa nazo na kilo alizonazo, kwa mbwembwe, akinyoosha sauti kama anatangaza bahati nasibu. Akaongeza kwamba ni matunda ya kliniki ya Alhamisi, akataja na chumba. Wapo waliopiga makofi. Wengine walitazamana. Niliona midomo ikisogea, na sikuhitaji kusikia. Mama Gwamaka alisimama pale akitabasamu kama alivyocheka kule mashineni. Wageni wakapiga picha. Wiki hiyo hiyo bango likasimama barabara kuu, yeye mnene upande mmoja, yeye aliyepungua upande wa pili, na maandishi makubwa ya kuipongeza halmashauri. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Nilimuuliza bosi kwa nini. Akasema, "Mama, watu wanahitaji namba." Nilimwambia namba ile haikuwa yake. Akaniuliza ni ya nani, ya serikali au ya mtu binafsi? Nilitoka nikabamiza mlango, na hilo liliandikwa kwenye faili langu. Ni sehemu ya faili ninayoipenda.

Kilichofuata kilifanywa na watu wazuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ningependa kuwachukia. Wamama wa kanisani wakaanza kuja nyumbani kwa Mama Gwamaka na hotpoti, wakimwona mgonjwa. Hawakutaja ugonjwa. Walimwimbia, wakamwombea, wakampakulia ndizi za nyama na maziwa ya mgando, wakakaa kumwangalia mpaka amalize. Unawezaje kukataa chakula cha watu waliotoka kukuombea? Mama mkwe wake akafika kutoka Rungwe na mikungu miwili ya ndizi na kuku, akatangaza kwamba haondoki mpaka mkwe wake arudi mwilini.

Alipokosa Alhamisi ya pili nilikwenda kwao. Baba Gwamaka alikuwa amerudi safari, akanitolea kiti uani.

"Dokta, mimi sijakataa huduma yako," alisema. Alikuwa mtu mpole, anaongea akitazama mikono yake. "Lakini juzi niko Chimala napakia, mwenzangu mmoja kanishika bega kaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, we vumilia tu, siku hizi dawa zipo. Mke wangu yuko nyumbani anapika, mimi napewa pole! Na mimi ni dereva, unajua dereva anavyosemwa. Wanasema ni mimi nimemletea."

"Baba, mmeambiwa na daktari kwamba asipopungua hawezi kupasuliwa."

"Namwambia mama yangu hivyo. Ananiuliza, daktari gani anataka mtu akonde ndiyo amtibu?"

Mama mkwe alitoka jikoni na sahani, akanikaribisha kwa heshima zote, akanipakulia na mimi. Alikuwa amempenda mkwe wake kweli, mtu yeyote angeona. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tumezika sana. Nimezika wanangu wawili wakiwa mifupa. Huyu simwachi akaenda hivyo." Nilimweleza uvimbe, nikamweleza presha, nikachora hata chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akamwongezea mkwe wake ndizi.

Mama Gwamaka alinisindikiza mpaka kwenye uzio. "Dada," alisema, "nikipungua naua nyumba yangu, nikinenepa najiua mwenyewe. Wewe ungechagua kipi?" Hakuwa analia. Aliuliza kama anayeuliza bei.

Nilimwambia atoke asubuhi, atembee nami, nitakuja mwenyewe. Akasema hawezi, bango lile liko njiani kwenda darajani na hawezi kulipita.

Nikamwendea bosi mara ya mwisho. Nikamwomba mambo mawili, ang'oe bango na anipe ukumbi wa madiwani, ili wanawake waingie kwenye mlango ambao hauna maneno. Alisema bango lina idhini ya kikao na kuling'oa kunahitaji kikao. Kuhusu chumba, aliniarifu kwamba kwa kuwa wageni walishakuja na taarifa imeshaenda, huduma ya Alhamisi imesimama kwa muda, na kile chumba mchana kitatumika kutunzia viti vya plastiki vya bonanza. Ndiyo. Viti vilipata chumba.

Mama Gwamaka alirudisha mwili wote na zaidi. Presha ikapanda nao. Baba Gwamaka alimpeleka Mbeya, na daktari wa upasuaji akamrudisha na maneno yale yale ya kwanza. Alhamisi moja walimleta kituoni kwetu kwenye lori, amelazwa juu ya magunia kwa sababu hakukuwa na kitu kingine karibu. Damu ilikuwa haikati. Alipata drip, gari la wagonjwa likaitwa, likachelewa kama linavyochelewa. Nilimshika mkono. Alinifahamu. Alifariki njiani, kabla ya Mbeya.

Sasa nisikilizeni kuhusu msiba wake. Watu walijaa. Bosi alikuja kwa niaba ya halmashauri, akasema tumepoteza mfano wa kuigwa. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Walipofungua jeneza ili watu waage, mama mkwe alisogea, akamtazama usoni muda mrefu, akampapasa shavu lililojaa. Halafu akageuka kwetu, machozi yanamtiririka, akasema kwa sauti ya mtu aliyefanikisha jambo:

"Mungu ashukuriwe. Ameondoka na mwili wake. Hakukonda."

Wanawake wengi wakaitikia amina. Sikumkasirikia bibi yule, na mpaka leo nikikutana naye nampa shikamoo kwa mikono miwili. Yeye alipambana na ugonjwa aliokuwa anaufahamu, kwa silaha aliyokuwa nayo. Sisi ndio tuliojua. Sisi ndio tuliokuwa na waraka, mizani, na ukumbi mtupu wenye mapazia. Tulikosa mlango tu. Mwanamke alikufa kwa kukosa mlango wa kupitia.

Baada ya matanga Baba Gwamaka aliniletea lile jembe. Mpini wake ulikuwa umeng'arishwa na bega, chuma chake hakijawahi kugusa udongo. "Chukua, dokta," alisema. "Huku tuna majembe ya kulimia. Hili lilikuwa lenu."

Bango likaendelea kusimama. Mabasi yote ya Mbeya yalilipita. Kila nilipoomba liondolewe niliambiwa kikao, na marehemu akaendelea kuipongeza halmashauri mvua na jua.

Na sasa kamati yenu. Mnauliza nani, na mnauliza ilikuwaje watu waling'oe mchana kweupe mlinzi wa soko asione. Ilikuwa Jumamosi ya usafi, mwezi wangu wa mwisho kazini. Tulikwenda wanawake wote wa Alhamisi, vitenge vimefungwa, majembe begani, kwa mstari kama zamani. Tulichimba nguzo ya kwanza, tukachimba ya pili. Nililima mimi kwa jembe la Mama Gwamaka, na ndiyo siku ya kwanza lilipoonja udongo. Mlinzi wa soko aliona, akatuambia poleni na kazi. Bosi mwenyewe alipita na gari la halmashauri wakati nguzo ya pili inainama. Alipunguza mwendo, akateremsha kioo, akatupungia mkono. "Safi sana wamama," alisema. "Usafi ndiyo afya." Akaenda zake.

Kwa hiyo andikeni kwenye taarifa yenu kwamba mkuu wa idara alikuwapo na aliidhinisha. Picha tuliikata tukampa Baba Gwamaka, na maandishi ya pongezi tuliyachoma pamoja na takataka nyingine za siku hiyo. Majina ya wenzangu sitawapa. Langu mnalo.

Mkitaka kunihoji, mimi nipo Kihesa, ulizeni nyumba ya mama lishe mtaoneshwa. Ndoo yenu ya mafuta iko mlangoni, utepe haujakatwa, njooni muichukue. Jembe liko ndani, lina udongo wa barabarani na sijalifuta. Ila msije mikono mitupu. Mje na ufunguo wa ukumbi wa madiwani, kwa sababu wanawake wale bado ni wazito, na Alhamisi inakuja.